Msafiri Asiye na Kitabu: Mir Ali Bey katika Masimulizi ya Wareno

Katika fasihi ya safari ya Dola ya Uthmaniya, msafiri hujulikana kwanza kwa kitabu chake. Piri Reis anakumbukwa kwa ramani yake ya mwaka 1513 na kwa Kitab-ı Bahriye. Seydi Ali Reis, aliyepigwa na Wareno na kisha na tufani mwaka 1554 hadi akatupwa Gujarat, alirejea Istanbul kwa nchi kavu, akaigeuza hasara yake kuwa Mir'atü'l-Memalik, yaani Kioo cha Nchi. Evliya Çelebi wa karne ya 17 aliandika majuzuu kumi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika Mombasa. Aliyefika, tena mara mbili, ni Mir Ali Bey, na yeye hana kitabu kinachojulikana. Karibu yote yasimuliwayo juu yake yametoka katika kalamu za maadui zake.

Ufuo wa Kuruwitu, ulio baina ya Mtwapa na Kilifi, unasaidia kuona jinsi hali hiyo ilivyotokea. Leo ufuo huu unasifika kwa wavuvi wake, ambao mwaka 2003 waliungana kuhifadhi sehemu ya bahari yao. Katika karne ya 16 ulikuwa kwenye njia iliyounganisha miji miwili iliyohasimiana. Kusini ilikuwapo Mombasa, iliyochomwa na Wareno mwaka 1505 na kuvamiwa tena mwaka 1528. Kaskazini ilikuwapo Malindi, iliyofungamana na Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498. Chombo kilichotoka Mocha kwa pepo za kaskazi kililazimika kuipita Malindi, kisha kuiambaa miamba ya matumbawe ya Kilifi na Kuruwitu, kabla ya kuifikia bandari ya marafiki. Aliyekaa Malindi aliona, na aliyeona aliandika au aliandikiwa. Mombasa iliyompokea mgeni haikuacha maelezo yake yenyewe ya mapokezi hayo.

Safari ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1585 hadi 1586. Ali Bey alikuwa na nguvu ndogo mno, lakini Mogadishu, Barawa, Lamu, Faza na hatimaye Mombasa zilimpokea kama mjumbe wa Sultani. Akarudi Mocha na mateka Wareno na mali nyingi. Malipo yaliwaangukia wenyeji: mwaka 1587 kundi la merikebu kutoka Goa liliibomoa Faza, likawaua watu wake na kukata minazi yao, kisha likaiteka nyara Mombasa. Ukatili huo haukuizuia Mombasa kumpokea Ali Bey tena alipowasili na merikebu tano mwanzoni mwa mwaka 1589, baada ya kukabiliwa kwa mizinga alipopita Malindi.

Mwezi Machi mwaka huohuo Tomé de Sousa Coutinho aliwasili kutoka Goa na vyombo vipatavyo ishirini. Waturuki walikuwa wamegawanyika: baadhi yao walilinda mlango wa bandari, na wengine walikuwa kwenye kivuko cha Makupa wakiwazuia Wazimba waliopiga kambi bara. Wareno waliziteka merikebu, Wazimba wakavuka kisiwani, na waliokimbilia baharini wakawaangukia Wareno. Ali Bey alikuwa miongoni mwao. Baadaye Wazimba walielekea Malindi, ambako walishindwa kwa msaada wa Wasegeju.

Mambo hayo yamesimuliwa hasa na Diogo do Couto, mwandishi wa tarihi za Wareno huko Goa, na João dos Santos, padri Mdominiko aliyechapisha Ethiopia Oriental mwaka 1609. Dos Santos hakushuhudia vita vya Mombasa; wakati huo alikuwa Sofala. Hata hivyo masimulizi ya Wareno yanampa Ali Bey hotuba kamili mbele ya aliyemteka. Anakubali kushindwa kuwa ni bahati ya vita, na anasema ni heri kuwa mateka wa Wakristo kuliko kuliwa na Wazimba. Mhakiki hawezi kuipokea hotuba hiyo kama ushahidi tu. Inamsifu mshindi kwa kinywa cha mshindwa, na papo hapo inawaweka Waafrika wa bara nje ya ubinadamu. Mwisho wake nao unafuata mkondo uleule: Ali Bey anapelekwa Goa, kisha Lisbon, na huko anasemekana kubatizwa. Huenda alibatizwa kweli. Lakini masimulizi ya aina hii yalihitaji tamati ya namna hiyo.

Wanahistoria wa awali waliotegemea maandishi hayo walielekea kumwona kuwa haramia wa baharini. Giancarlo Casale, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu uvumbuzi wa Waturuki, alizisoma taarifa za Wareno pamoja na nyaraka za Uthmaniya, na akaziona safari hizo kuwa sehemu ya mpango wa Hasan Pasha, gavana wa Yemen. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa inamhamisha Ali Bey kutoka hadithi ya Lisbon hadi hadithi ya Istanbul. Masheikh waliomwita, ambao miji yao ndiyo iliyochomwa, wanabaki pembeni katika zote mbili.

Hata jina halimsaidii anayemtafuta katika ushairi wa Kiswahili. Wareno waliwaita Waturuki Rumes, neno lililotokana na Rumi. Lakini katika Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya Pate ni ya mwaka 1728, Rumi ni dola ya Herekali, mfalme wa Kikristo anayepigana na Waislamu. Faza, iliyobomolewa kwa kumkaribisha Ali Bey, iko katika kisiwa hichohicho cha Pate.