Pampu ya Kufyonzea

Ukitaja pampu hapa Mukurweini, wengi watafikiria ile ya mgongoni. Hii ni nchi ya kahawa, na tangu ugonjwa wa matunda ya kahawa uonekane Kenya mwaka 1922, mkulima amekuwa akipuliza dawa. Hata Ruiru 11, mbegu iliyotolewa mwaka 1985 ili kuukinga ugonjwa huo, haikuiondoa pampu ghalani. Mwenye baisikeli atafikiria ya upepo, mwenye shamba la bondeni atafikiria ya maji. Tunazijua zote kwa kile zinachokipeleka: dawa majanini, upepo tairini, maji mlimani. Upande zinakochota hautajwi.

Desemba mpwa wangu, fundi wa boti huko Kilifi, aliingia dukani sokoni kwetu akaulizia pampu ya oili. Mwenye duka akamteremshia ile ya kuzungusha kwa mkono, inayofungwa mdomoni mwa pipa.

"Hapana, mzee, nataka ya kutolea oili chafu kwenye injini."

"Si unafungua nati tu, mwanangu?"

Swali lilikuwa la haki kabisa. Huku bara oili humwagwa. Gari linapanda juu ya shimo, fundi anasogeza karai chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, analegeza nati kwa spana, na uzito wa oili yenyewe unamaliza kazi. Kwa hiyo kitenzi cha gereji, kumwaga oili, ni kitenzi cha kweli: kinadai kuwe na tundu chini na nafasi chini ya tundu.

Boti yenye injini ya ndani haina nafasi hiyo. Injini imekalia mihimili yake chini kabisa karibu na mkuku, na sampu inakaribia kugusa ngama, yaani pale chini yanapotuama maji yanayovuja chomboni. Mkono haupiti, karai halipiti. Ukilazimisha nati ifunguke, oili inaingia ngamani, inachanganyika na maji, na maji hayo yakitupwa nje yanafika kwenye mikoko. Hata meli kubwa, chini ya mkataba wa MARPOL wa kuzuia uchafuzi wa bahari, wa 1973 na itifaki yake ya 1978, hairuhusiwi kutoa maji ya ngama yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni.

Basi oili ya boti hutokea juu, kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Hapo kumwaga kunakoma na lugha inatudai kitenzi kingine. Kunyonya kipo, na vijana wa gereji hukitumia wanapotoa petroli tangini kwa mpira na mdomo. Lakini kina mdomo ndani yake, na hasa tangu Azimio la Arusha la 1967 kimebeba pia mnyonyaji na mnyonywaji. Kuvuta ni kizuri mpaka ukitie kiambishi cha kifaa. Kiswahili hutaja vifaa kwa njia hiyo: kisu cha kukatia, jembe la kulimia. Ukisema pampu ya kuvutia, msomaji ataelewa pampu inayopendeza macho.

Ninachagua kufyonza. Ni kitenzi cha nyuki na ua: mrija mwembamba unaoshuka mahali pasipoingilika na kutoka na kilichomo. Pampu ya kufyonzea oili. Anayelisikia jina hilo anajua kifaa kinaanzia wapi kazi yake, na mwenye duka asingeshusha pampu ya pipa.

Jina hilo linaficha jambo moja la fizikia, nami silioni kuwa kosa. Hakuna kinachoivuta oili. Pampu huondoa hewa na kuacha ombwe, kisha hewa ya nje ndiyo inayoisukuma oili ipande mrijani. Evangelista Torricelli alilionyesha jambo hili mwaka 1643, na ndiyo sababu maji hayafyonzeki kupita kama mita 10. Huku milimani hewa ni nyepesi kuliko Kilifi na kimo hicho hupungua, ingawa kwa sampu isiyofika hata mita moja tofauti haina uzito. Ombwe ni neno zuri ambalo magazeti yamelikabidhi kwa siasa. Ombwe la uongozi tunalisoma kila mwaka wa uchaguzi. Ningependa mafundi walirudishe kwao.

Wanalihitaji hata katika kuchagua pampu. Pampu ya shaba ya mkono ni rahisi na hudumu, ila inachosha. Ya umeme wa volti 12 ina haraka, lakini nyingi hazifai kabisa kugusa petroli, kwa kuwa cheche moja inatosha. Ya tatu ni mtungi uliofungwa, wenye mpini juu: unapiga mara kadhaa, ombwe linajengeka ndani, unaacha mtungi ujaze wenyewe. Kwa boti ndogo ningechukua huo, na ningeuita mtungi wa kufyonzea, maana mtumiaji anaona mtungi, na oili chafu inabaki humohumo bila kumwagika. Mrija ndio wa kukagua kwa makini: uwe mwembamba upite tundu la kijiti, mgumu usibonyezwe na ombwe, ustahimili oili yenye joto, na ufike sakafuni mwa sampu. Injini iwashwe kwanza dakika chache, oili ilainike na kutoka pamoja na uchafu wake.

Pwani haikuwa maskini wa maneno ya kazi hii. Jahazi lilikuwa na upo, chombo cha kuchotea maji ya ngama, na kazi yenyewe iliitwa kufua maji. Baraza la Kiswahili la Tanzania, BAKITA, liliundwa mwaka 1967, chama cha Kiswahili cha Kenya, CHAKITA, mwaka 1998, na orodha za istilahi ni nyingi. Orodha ninayoitamani ianzie mikononi mwa mabaharia na mafundi wa namna hii, waliotofautisha pia oili na mafuta bila kuagizwa na yeyote. Kwao mafuta machafu ni petroli au dizeli iliyoingia takataka, na oili chafu ni ile iliyokwisha kazi, ambayo huku kwetu hupakwa nguzo za ua zisiliwe na mchwa.

Mpwa wangu alinunua mtungi wake Mombasa. Jirani mwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ambayo injini yake ndogo hulazwa ubavu kila inapobadilishwa oili, ameniuliza kama nayo inafyonzeka. Inafyonzeka: kifuniko chake ndicho chenye kijiti, tundu ni pana, na oili yenyewe ni kama nusu lita.