Madirisha ya Nyumba Yetu

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu, wenzetu wameeleza habari za bei, za mizani na za maghala. Sisi wa ofisi ya katibu tumepewa kazi ya kueleza habari za nyumba ya chama, na katika nyumba tumechagua madirisha. Msomaji asicheke. Kwa sababu ya madirisha hayo chama kilikaribia kupoteza kitu kilicho kikubwa kuliko nyumba yenyewe, nacho ni imani ya wakulima.

Hapo kale watu wa pwani hii hawakupenda madirisha makubwa. Huko Kilwa Kisiwani, ambako msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, magofu ya Husuni Kubwa yaonyesha hata leo jinsi vyumba vilivyopata mwanga kutoka katika nyua za ndani. Ukuta wa mawe na chokaa ulioelekea njiani ulikuwa kama mtu aliyefumba macho: ulizuia joto na kuficha siri za nyumba. Baadaye, katika karne ya 19, biashara ilipostawi mijini, wenye mali walijenga madirisha marefu yaliyotazama njia na bahari. Lakini dirisha kubwa halichagui mgeni. Huleta upepo, na huleta pia jua, mvua na mwivi. Basi mafundi walipachika nje milango ya mbao yenye mabawa mawili, ipate kufungwa wakati wa shari na kufunguliwa wakati wa heri.

Wala shari ya pwani si hadithi. Mwaka 1872 tufani iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Wazee wetu walijua kwa nini dirisha linahitaji mlango.

Chama chetu kilipoanza, kilipanga nyumba ya zamani ya mawe, karibu na bahari. Milango ya madirisha ilikuwa imeoza. Katika mkutano wa halmashauri wengine walitaka vioo, wengine walisema fedha za wakulima zisitumike kwa mapambo. Tuliamua kutafuta njia ya rahisi: tulinunua mbao zisizokauka sawasawa, tukampa kazi kijana asiyewahi kuifanya, na sisi wenyewe tukasimama kando tukiamuru. Kosa hilo lilikuwa letu.

Mvua za mwezi wa Desemba zilipofika, makosa yote yalijitokeza. Misumari ilikuwa imepigwa katika lipu tupu, nayo ikatoka. Mbao zilivimba, mabawa yasifungike. Na lililo baya zaidi, vile vipande vya mshazari vilikuwa vimeinamishwa kuelekea ndani, hata maji yaliyopiga nje yaliteremka moja kwa moja juu ya meza ya karani. Asubuhi tulikuta daftari la mizani limelowa na wino umetapakaa.

Wanachama wanajua uzito wa jambo hilo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007, karatasi ndiyo mali ya mkulima mpaka mnada upite na fedha zilipwe. Tulilazimika kulinganisha vipande vya stakabadhi kimoja kimoja kutoka vyama vya msingi, na malipo ya baadhi ya wanachama yalichelewa. Mama mmoja mzee alikuja ofisini mara tatu kwa miguu. Mara ya tatu hakugomba; alilitazama dirisha, kisha akatutazama sisi, akatoka. Hatujasahau mtazamo ule.

Ndipo tulipomwendea fundi mmoja mzee, aliyerithi useremala kwa baba yake. Alipoona kazi yetu alisema, "Wanangu, maji hayapandi mlima. Ninyi mmeyatengenezea mteremko wa kuingia ndani." Tukakubali kufundishwa.

Kwanza alichagua mninga mkavu, mti unaoota katika misitu yetu wenyewe na usiovimba ovyo. Alipima kila dirisha mahali patatu, juu, kati na chini, akafuata kipimo kilicho kidogo, maana nyumba za zamani hazina pembe kamili. Kisha akapunguza kidogo ili mbao zipate nafasi ya kupumua. Alibomoa lipu mpaka akafikia jiwe, akatia miimo mipya na kuikaza ndani ya ukuta. Kila bawa alilipa bawaba tatu, akazipanga kwa timazi zisimame katika mstari mmoja. La sivyo bawa hujifungua au kujifunga lenyewe. Skrubu zilikuwa za shaba, kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma. Vipande vya mshazari aliviinamisha kuelekea nje. Mwisho alitia ndoano ukutani za kuzuia mabawa yasipigwe na upepo yakiwa wazi, na komeo imara upande wa ndani.

Kazi hiyo ilitugharimu zaidi ya ile ya kwanza, na kwa kuwa ya kwanza ilipotea bure, tulilipa mara mbili. Tuliyaeleza hayo yote mbele ya mkutano mkuu bila kuficha, nao wanachama walituuliza maswali makali, kama ilivyo haki yao.

Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua ilikata barabara na upepo ukavuma usiku kucha. Tulikuwa tumefunga madirisha yote jioni na kutia makomeo. Asubuhi tulifungua kabati la madaftari kwa mikono iliyotetemeka. Karatasi zote zilikuwa kavu.

Yatupasa tukumbuke kwamba ushirika nao ni nyumba. Ukifungwa daima, wanachama hukaa gizani wasijue hesabu zao. Ukiachwa wazi bila ulinzi, mali yao hulowa. Kwa hiyo tunawaomba watakaotufuata katika ofisi hii wafanye mambo mawili: kila mwaka kabla ya mvua watie mafuta mbao na bawaba za madirisha, na kila asubuhi wayafungue, ili mkulima apitaye njiani aone ndani kuna nini.