Maji mengi, maji machache: ugomvi wa Zurich uliofika Nassa

Tarehe 29 Mei 2025, Waanabaptisti, yaani Wakristo wanaobatiza walioamini tu, kutoka mabara yote walikusanyika Zurich, Uswisi, kuadhimisha miaka 500 ya harakati yao. Ibada ilifanyika Grossmünster, kanisa lile lile ambalo mhubiri wake mashuhuri, Ulrich Zwingli, aliwapinga waasisi wao mpaka baraza la mji likamtosa mmoja wao mtoni. Huku Bariadi habari hiyo ilipita kimya. Haikustahili kupita hivyo, kwa maana swali lililomwaga damu Zurich ndilo linalozigawa familia nyingi za Kiprotestanti mkoani Simiyu kila mtoto anapozaliwa: abatizwe sasa, au asubiri akue na kuamini mwenyewe?

Wenyeji wanalijua jambo hili vizuri. Africa Inland Church Tanzania (AICT), kanisa lenye mizizi mirefu Usukumani, humwombea mtoto mchanga na kumweka mikononi mwa Mungu, lakini ubatizo unangoja. Akishakua na kukiri imani yake, anaingia darasa la ubatizo, kisha anazamishwa majini. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) humbatiza angali mchanga, kipaimara kikaja baadaye. Kijana wa upande mmoja akichumbia binti wa upande wa pili, habari ya maji mengi na maji machache haikosi kuzungumzwa na wazee, na mara nyingine maneno huwa makali. Kila upande hudhani mwenzake amekosea jambo dogo ambalo mtu yeyote angeliona. Si jambo dogo, na historia yake ni nzito.

Tunapokumbuka Matengenezo ya Kanisa, jina la kwanza ni Martin Luther na hoja zake 95 za 31 Oktoba 1517. Jean Calvin wa Geneva naye hutajwa. Zwingli husahaulika, na vijana waliomwasi ndio husahaulika kabisa.

Zwingli alianza kuhubiri Grossmünster Januari 1519. Alikusanya vijana wasomi, akasoma nao Maandiko katika lugha za asili. Miongoni mwao walikuwamo Conrad Grebel, mtoto wa mjumbe wa baraza la mji, na Felix Manz, aliyekijua Kiebrania. Walimpenda mwalimu wao. Walichoshindwa kukubali ni kwamba, baada ya kuwafundisha kuwa Neno la Mungu ndilo lenye kauli ya mwisho, mwaka 1523 aliliachia baraza la mji liamue lini misa ikomeshwe. Wao waliuliza: kanisa linaongozwa na Maandiko au na madiwani?

Kutoka hapo wakafika kwenye ubatizo. Walisema hawaoni katika Agano Jipya mtoto mchanga akiamrishwa kubatizwa. Waliobatizwa ni waliosikia na kuamini. Zwingli alijibu kwamba ubatizo ni alama ya agano, kama tohara ilivyokuwa kwa wana wa Israeli, na watoto wamo ndani ya agano. Hoja zote mbili zina watetezi hadi leo, na mtu mwaminifu hawezi kuzidharau. Ila Zurich kulikuwa na jambo jingine chini ya hoja hizo. Aliyezaliwa mjini alibatizwa, na aliyebatizwa alikuwa wa mji na wa kanisa kwa pamoja. Kukataa kumbatiza mtoto kulihesabiwa kuwa uasi dhidi ya serikali.

Mdahalo ulifanyika 17 Januari 1525. Baraza likatamka kuwa Zwingli ameshinda, likaamuru wazazi wote wawabatize watoto wao ndani ya siku nane, la sivyo wafukuzwe mjini. Jioni ya tarehe 21 kikundi kidogo kilikutana katika nyumba ya mama yake Manz. Simulizi ya usiku ule imetufikia kupitia kumbukumbu zilizoandikwa na Wahutteri, ambao ni warithi wa walioteswa, nami naifuata. Wanasema hofu iliwaingia, wakapiga magoti wakaomba. Kisha aliyekuwa padri, George Blaurock, akasimama akamsihi Grebel ambatize kwa ubatizo wa kweli, juu ya imani yake mwenyewe. Grebel akambatiza. Blaurock naye akawabatiza wenzake.

Hapa pana jambo ambalo watetezi wa maji mengi na wa maji machache wangefaidika kulijua. Ubatizo wa usiku ule ulifanyika ndani ya nyumba, kwa kumiminiwa maji. Wiki chache baadaye Grebel alimzamisha mtu katika Mto Rhine, lakini kwa Waanabaptisti wa kwanza kipimo cha maji hakikuwa kiini cha shauri, na hadi leo Wamennoniti wengi duniani humimina. Walichokufia ni hiari: kwamba hakuna serikali, ukoo wala mzazi awezaye kuamini kwa niaba ya mtu mwingine. Tukibishana Bariadi kuhusu kina cha birika au lambo tumeliacha swali lenyewe.

Machi 1526 baraza lilitangaza kuwa atakayembatiza mtu upya atatoswa. Grebel alikufa kwa tauni mwaka huo huo. Manz alikamatwa, na 5 Januari 1527 alipandishwa mtumbwini kwenye Mto Limmat, mikono ikafungwa na kuvutwa chini ya magoti, mti ukapitishwa katikati. Heinrich Bullinger, aliyemrithi Zwingli na hakuwa rafiki wa Waanabaptisti, ndiye aliyeandika kwamba mama na ndugu wa Manz walisimama ukingoni wakimhimiza asikane. Hakukana. Wauaji wake walikuwa Waprotestanti wenzake, waliosoma Biblia ile ile aliyoisoma yeye. Zwingli alifanya mengi mema, lakini doa hili halifutiki. Yeye mwenyewe aliuawa vitani Kappel 11 Oktoba 1531.

Mengine yanajulikana. Mwaka 1536 padri Menno Simons wa Uholanzi alijiunga na waliobaki, na jina la Wamennoniti likatokana naye. Mwaka 1609, Amsterdam, Mwingereza John Smyth alianzisha kundi lililobatiza waamini tu, na kutoka kwao Wabaptisti wakaenea Uingereza na Marekani. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani Smyth alijifunza kwa Wamennoniti.

Miaka 300 kamili baada ya Smyth, mwaka 1909, swali likatua kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke. Nassa, ambayo leo imo Wilaya ya Busega, ilikuwa kituo cha CMS, wamisionari wa Kianglikana waliobatiza watoto wachanga. CMS walikuwa na kazi kubwa Uganda, wakaikabidhi Nassa kwa Africa Inland Mission, iliyoanzishwa na Peter Cameron Scott mwaka 1895. AIM ilipokea watu wa madhehebu mbalimbali, lakini desturi ya kubatiza waamini kwa kuzamisha ndiyo iliyoshika mizizi. Emil Sywulka aliongoza kazi hapo. Agano Jipya la Kisukuma lilichapishwa 1925, na Biblia nzima 1960. Msukuma akaweza kuisoma hoja ya Manz na hoja ya Zwingli kwa lugha ya mama yake na kuamua.

Wamennoniti wenyewe walifika mwaka 1934, wakafungua kituo Shirati, mkoa jirani wa Mara, baada ya kushauriana na wamisionari wa AIM waliowatangulia. Zedekiah Kisare akawa askofu wao wa kwanza Mwafrika mwaka 1967. Kwa hiyo warithi wa waliotoswa Limmat ni majirani zetu wa kaskazini.

Suluhu imekuja polepole. Mwaka 2004 kanisa la Reformed la Zurich lilikiri kosa, na bamba la kumbukumbu likawekwa kando ya Limmat. Julai 2010, Stuttgart, Shirikisho la Kilutheri Duniani, ambalo KKKT ni mwanachama wake, liliwaomba Wamennoniti msamaha kwa mateso ya karne ya 16. Aliyeupokea kwa niaba yao alikuwa Mwafrika, Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, akawapa Walutheri beseni la mti la kuoshana miguu. Ni fahari yetu pia, na ni wachache Simiyu walioisikia mimbarini.

Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012, na historia yake ya kidini bado imetawanyika kwenye makabati ya makanisa na vichwani mwa wazee. Wachungaji wa AICT na KKKT walio na daftari za zamani za ubatizo wazitoe kwenye unyevu na mchwa, wazipige picha, wawaketishe wazee waliobatizwa zamani wasimulie, nakala zihifadhiwe Bariadi. Kazi hiyo haihitaji wafadhili, na ianze mwaka huu, wazee hao wangali hai.