Kufuli Lisilomzuia Mtu: Historia Fupi ya Uanzishaji wa Kiini cha Linux

Simu nyingi za kisasa zinazotumika Buyenzi, mtaa wa kale wa Waswahili jijini Bujumbura, huendeshwa na Android, na chini ya Android pana kiini cha Linux. Simu inapowashwa, kiini huamka mapema na kuviandaa vifaa vingine. Makala haya yanafuatilia jinsi kufuli moja lilivyodumu katika hatua hiyo ya uanzishaji hata baada ya sababu yake kutoweka, na jinsi lilivyoondolewa.

Mwaka 1996, toleo la 2.0 la Linux liliiwezesha kompyuta moja kutumia prosesa kadhaa. Kwa kuwa msimbo wa kiini ulikuwa umeandikwa kwa kudhani kuwa prosesa ni moja, liliwekwa Kufuli Kuu: prosesa moja tu iliruhusiwa kufanya kazi ndani ya kiini kwa wakati mmoja. Data ilisalimika, lakini prosesa zilipanga foleni. Miaka iliyofuata, makufuli madogo, kila moja likilinda data yake, yalichukua nafasi ya lile kuu hatua kwa hatua.

Msimbo wa uanzishaji, hata hivyo, uliendelea kulishika. Mwanzoni mwa uanzishaji ni prosesa moja tu iliyo macho. Hakuna wa kuzuiwa. Baadaye prosesa nyingine huamshwa, na programu za kuendesha vifaa huanza kazi. Hapo palihitaji tahadhari, kwani kufuli humzuia yule tu anayeliomba kufuli lilelile. Swali likawa: je, ilikuwapo bado programu iliyoliomba wakati huo?

Majaribio peke yake yasingetosha kujibu. Kosa la prosesa mbili kugongana huweza kujificha katika uwashaji mwingi na kuzuka katika mmoja. Mwaka 2010, Arnd Bergmann aliupitia msimbo, akabaini kuwa hakuna tena programu ya kuendesha kifaa iliyolishika kufuli hilo wakati wa uanzishaji, ndipo akaliondoa hapo. Badiliko hilo lilitoka katika toleo la 2.6.37, Januari 2011. Mei mwaka huohuo, toleo la 2.6.39 lilitoka bila Kufuli Kuu kabisa.

Mpangilio wa kazi hiyo ndio wenye uzito: waliolitegemea kufuli walihamishwa kwanza, kisha ushahidi ukapatikana kwa kusoma, na mwisho likaondolewa. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo wa Linux uko wazi kwa kila msomaji. Kwa Burundi, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, uwazi huo hautakuwa na faida iwapo vyuo vitafundisha kutumia mifumo bila kufundisha kuisoma. Sera ya teknolojia inayohesabu vifaa vilivyonunuliwa ihesabu pia wataalamu wanaoweza kuusoma msimbo unaoviendesha, na kuueleza kwa Kiswahili.