Ufungashaji wa kazi ya kuchapwa

Ufungashaji, katika programu za kupanga kurasa, ni hatua ya kukusanya faili la mpangilio pamoja na kila kitu linachokitegemea, yaani picha, michoro, fonti na wasifu wa rangi, na kuviweka katika folda moja inayoweza kuhamia kompyuta nyingine bila kupungukiwa. Hufanywa kazi inapokuwa imekamilika kwenye skrini lakini haijafika kwa mchapaji. Hitilafu nyingi zinazodhaniwa kuwa za mashine ya kuchapa huanzia hapa, kwa kazi kuondoka bila kufungashwa.

Sababu ya kuwapo kwa hatua hii imo katika namna programu hizo zinavyohifadhi kazi. Tangu PageMaker ya kampuni ya Aldus ilipotoka mwaka 1985 na kuleta upangaji wa kurasa kwenye kompyuta ya mezani, hadi QuarkXPress, InDesign na Scribus, utaratibu wa kawaida umekuwa uleule. Faili la mpangilio huhifadhi maneno, vipimo na mahali pa kila fremu, lakini picha huachwa zilipo. Ndani ya faili hubaki kiungo, yaani anwani ya picha kwenye diski, pamoja na sura yake hafifu ya kuonyesha kwenye skrini. Kwa upande wa fonti huhifadhiwa jina tu.

Utaratibu huo una faida yake. Picha moja ya rangi inayojaza ukurasa wa A4 kwa vitone 300 kwa inchi ina pikseli 2,480 kwa 3,508, na bila kubanwa hufikia megabaiti 26 hivi. Picha arobaini za aina hiyo zikiingizwa zote ndani, faili moja litazidi gigabaiti moja na kompyuta ya kawaida itaelemewa kila linapohifadhiwa. Viungo huliacha faili likiwa jepesi. Ila likihamishwa peke yake, viungo hivyo huelekeza pasipo na kitu.

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, hasara hiyo huonekana upesi, kwa sababu mara nyingi anayepanga kurasa na anayechapa hawako mji mmoja. Barua, kadi za harusi na TFC za wanafunzi (kazi zao za mwisho wa masomo) huandikwa na kutolewa katika vyumba vinavyoitwa secrétariat public, kwa printa za leza au za wino. Kitabu cha nyimbo, kalenda ya parokia au ripoti yenye ramani, inapotakiwa kwa mamia ya nakala na kwa mashine ya ofseti, huenda mbali zaidi: huvuka mpaka wa Kavimvira kuelekea Bujumbura, au hupanda bonde la Ruzizi hadi Bukavu. Husafiri kwenye flashi mfukoni mwa mtu. Picha iliyosahaulika kwenye kompyuta ya mtaa wa Mulongwe, Uvira, mchapaji hana pa kuitoa. Mtu atarudi kuifuata na kulipa nauli upya, au itatumwa kwa simu na kufika ikiwa imepungua ubora.

Kuhusu jina la hatua hii, wapangaji wa Uvira hukutana nalo kwanza kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya menyu nyingi. InDesign ya Kifaransa huiweka chini ya Fichier kwa jina la Assemblage. Menyu hizo huita fonti police, neno lililo sawa na la askari, na anayejifunza hana budi kuelezwa kwamba onyo la kukosekana kwa police halina uhusiano na kituo cha polisi. Tafsiri ya haraka ya Assemblage ni kuunganisha, lakini kitenzi hicho kimekwisha kushikwa na kiungo, na kiungo ndicho kinachoiacha picha mahali pengine. Kukusanya husema nusu tu ya kazi. Kufunga tayari ni kuliondoa faili kwenye skrini. Kufungasha ndicho kitenzi cha mtu anayekusanya vitu vyake, kuvipanga na kuvitayarisha kwa safari, na kina uzao unaohitajika: ufungashaji ni tendo na mfungashaji ni mtendaji. Folda inayopatikana huitwa kifurushi.

Kifurushi kamili cha InDesign huwa na faili la mpangilio lenyewe, folda ya fonti, folda ya picha na michoro, na taarifa fupi yenye maelekezo kwa mchapaji. Matoleo ya karibuni huongeza mambo mawili yakiombwa: PDF ya kazi nzima, na nakala ya mpangilio katika muundo wa IDML. Muundo huo ni muhimu pale ambapo mchapaji ana toleo la zamani. Faili la toleo jipya halifunguki katika CS6 ya mwaka 2012, lakini IDML hufunguka kuanzia CS4. Scribus, inayopatikana bila malipo, nayo hukusanya mpangilio na picha, na huuliza kama fonti na wasifu wa rangi viingizwe. Visanduku vya maswali hayo mawili havina budi kutiwa alama. Ifahamike pia kwamba faili lililohifadhiwa katika Scribus 1.6 halifunguki katika 1.4, kwa hiyo namba ya toleo iulizwe kwa mchapaji kabla kazi haijaanza.

Kazi isiyofungashwa hujulikana kwa dalili. Ya kwanza ni ya fonti. Kompyuta isiyo na fonti iliyotajwa huchagua nyingine badala yake: InDesign hutia rangi ya waridi nyuma ya maandishi, na Scribus huuliza fonti ya kubadilishia faili linapofunguliwa. Fonti mbadala huwa na herufi nene au nyembamba zaidi, na mistari hukatika mahali papya. Chukua kijitabu cha nyimbo cha kurasa 64, kilichopangwa ili kitoke katika karatasi kubwa nne, kila moja ikikunjwa kuwa kurasa 16. Fonti ikibadilika na maandishi yakafurika hadi kurasa 66, itatakiwa karatasi ya tano ambayo karibu yote ni tupu, na yaliyomo ya mwanzoni yataelekeza kurasa zisizo zake.

Katika eneo lenye lugha nyingi dalili hiyo huwa na sura nyingine. Kijitabu kimoja cha kanisa huweza kuwa na nyimbo za Kiswahili, Kifuliiru, Kifaransa na Lingala. Kiswahili hakidai herufi za pekee, na alama za Kifaransa zimo katika fonti nyingi. Lingala inayoandikwa kwa tahajia kamili ina ɛ na ɔ, ambazo fonti nyingi za mapambo hazina. Mahali pake huonekana kisanduku kitupu au alama ya kuuliza. Kabla Unicode (mfumo wa pamoja wa misimbo ya herufi) haijaenea, wapangaji walitumia fonti zilizorekebishwa, ambamo herufi kama hizo zilichukua nafasi ya alama zisizotumika sana. Matini ya aina hiyo ikifunguliwa bila fonti yake, herufi hugeuka kuwa alama ile iliyoporwa nafasi. Matini kama hiyo igeuzwe kwanza kuwa Unicode. Kuifungasha bila kuigeuza ni kuliahirisha tatizo.

Dalili ya pili ni ya picha. Programu isipoipata picha kwenye anwani yake, huchapa ile sura hafifu ya skrini, nayo hutoka na ngazi-ngazi kwenye kingo. Chanzo cha kawaida ni picha kuingizwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Windows huipa flashi herufi, tuseme E, na anwani hiyo huandikwa kwenye kiungo. Kesho flashi ileile ikipewa F, viungo vyote hukatika hata kama picha haikusogezwa. Chanzo kingine ni kubadilisha jina la picha baada ya kuipanga. Katika paneli ya viungo ya InDesign, picha iliyopotea huwekewa alama nyekundu yenye kiulizo, na iliyobadilishwa baada ya kupangwa huwekewa pembetatu ya njano. Ya kwanza hutafutiwa mahali ilipo, ya pili husasishwa.

Yapo pia mapungufu yanayofanana na viungo vilivyokatika, lakini ufungashaji hauyatibu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi upande mrefu ukabaki kama pikseli 1,600, ambazo kwa vitone 300 kwa inchi hutosha sentimita 13 na nusu tu, wakati upana wa A4 ni sentimita 21. Ikifungashwa itafungashwa na udogo wake. Dawa ni kuomba itumwe kama waraka, au ichukuliwe kwenye kamera yenyewe. Hali kadhalika rangi: picha iliyo katika nyekundu, kijani na buluu za skrini hubaki hivyo ndani ya kifurushi, na kuigeuza kuwa rangi nne za wino ni hatua ya pekee inayofanywa kwa makubaliano na mchapaji.

Ufungashaji mwema huanza siku ya kwanza ya kazi. Folda moja hufunguliwa kwenye diski ya kompyuta kwa jina la kazi, na ndani yake folda ndogo za matini, picha na mpangilio. Kila picha hunakiliwa humo kwanza ndipo iingizwe kwenye ukurasa. Majina ya mafaili hufanywa mafupi, yasiwe na herufi zenye alama za Kifaransa wala ritifaa, hata kwa picha ya ng'ombe, kwa kuwa kompyuta ya pili huenda isiyasome sawasawa. Vichwa na aya hupewa mitindo iliyotajwa badala ya kurekebishwa kimojakimoja. Hapo idadi ya fonti hubaki ndogo na inajulikana.

Kabla ya kufungasha hufanywa ukaguzi, ambao menyu ya Kifaransa huuita Contrôle en amont. Huonyesha fonti zisizopatikana, viungo vilivyokatika na maandishi yaliyofurika nje ya fremu. Vyote vikiwa safi, faili huhifadhiwa na kifurushi huundwa kwenye diski ya kompyuta. Hakiundwi moja kwa moja kwenye flashi, kwa kuwa umeme ukikatika au flashi ikitikisika katikati ya kazi, kifurushi huweza kubaki nusu. Kikishaundwa hubanwa kuwa faili moja la zipu, hunakiliwa, na flashi hutolewa kwa amri ya kuitoa salama. Zipu husaidia pia dhidi ya virusi vya flashi vinavyoficha folda na kuweka njia za mkato badala yake: mchapaji hupokea kitu kimoja, na akikiona kimebadilika hujua mara moja.

Jaribio la mwisho ni rahisi na mara nyingi hurukwa. Jina la folda ya asili hubadilishwa kwa muda, kwa kuongeza neno moja mwishoni, kisha hufunguliwa nakala ya mpangilio iliyo ndani ya kifurushi. Ikifunguka bila onyo la picha, kifurushi hakitegemei tena folda ya zamani. Jaribio hili halithibitishi fonti, kwa sababu bado zimo kwenye kompyuta hiyo. Hizo hupimwa kwa kukifungua kifurushi kwenye kompyuta ya pili.

Fonti zina pia suala la ruhusa. Leseni za fonti nyingi za kununuliwa haziruhusu nakala kupewa mtu mwingine, na fonti zinazotoka kwenye huduma ya Adobe Fonts hazinakiliwi kabisa wakati wa kufungasha. Njia iliyo salama kwa kazi za lugha za Kiafrika ni fonti za shirika la SIL, kama Charis, Gentium na Andika, ile ya mwisho ikiwa imepewa jina la Kiswahili na kubuniwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Zina ɛ na ɔ, hata zikibebeshwa alama za toni, na leseni yao huria inaruhusu kuzinakili na kuzisambaza pamoja na kazi.

Ufungashaji usichanganywe na upachikaji. Kupachika ni kuingiza data ya fonti na ya picha ndani ya PDF, muundo uliotolewa na Adobe mwaka 1993. PDF iliyotengenezwa kwa kiwango cha PDF/X-1a cha mwaka 2001 lazima iwe na fonti zote zilizopachikwa na rangi za uchapaji pekee, na kwa kazi iliyokamilika ndiyo inayomfaa mchapaji. Lakini kosa la tahajia likionekana dakika ya mwisho, PDF hairekebishiki kwa urahisi, kwa vile mitindo na mtiririko wa maandishi kutoka fremu hadi fremu havimo tena. Kwa hiyo kazi inayovuka mpaka hubeba vyote viwili: PDF ya kuchapwa, na kifurushi cha kurekebishia.

Kazi ya kifurushi haiishi kitabu kinapotoka mashineni. Toleo la pili likitakiwa baada ya miaka mitatu, kompyuta ya kwanza huenda imeharibika na fonti zimesahaulika, na asiye na kifurushi hulazimika kupanga kurasa upya kwa kutazama nakala ya karatasi. Nakala mbili huhifadhiwa, na zisikae chumba kimoja: mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yaliingia katika nyumba nyingi za Uvira. Nakala moja hubaki ofisini na nyingine kwa mteja, kila moja ikiwa na tarehe, jina la programu na namba ya toleo lake.