Shoka, Msumeno wa Duara na Kuni za Kabiro

Ni desturi ya taarifa yetu ya kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na majina ya ndugu waliotutoka, kutia makala moja ya mambo ya kale, ili vijana wapate kujua na wazee wapate kukosoa. Mwaka huu tumechagua habari za kuni. Katika mikutano yetu wanachama kadhaa, hasa akina mama wenye vibanda vya githeri na wasimamizi wa majiko ya shule, wamependekeza chama kitoe sehemu ya akiba yake kununua mashine ya kukata magogo kuwa kuni, ile yenye bapa la chuma lizungukalo kwa nguvu za injini. Wengine wamelipinga pendekezo hilo, wakisema kwamba vijana wanaochanja kuni kwa shoka watanyang'anywa riziki yao. Shauri halijakatwa. Twaona yafaa, kabla halijakatwa, tujue kuni za Nairobi zilitoka wapi, ni nani aliyezikata, na mashine za namna hii zilimfaa nani.

Tuanze na mashine yenyewe. Msumeno wa kale huenda mbele na kurudi nyuma, na katika misumeno mingi ule mwendo wa kurudi haukati kitu. Nusu ya nguvu za mkono hupotea. Msumeno wa duara hauna kurudi. Ni sahani ya chuma yenye meno ukingoni, nayo ikizungushwa hukata wakati wote. Huko Uingereza Samuel Miller wa Southampton alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1777 kwa kinu cha upepo cha kuendesha misumeno, na katika maelezo yake msumeno wa duara umetajwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 misumeno hiyo ilikuwa ikifanya kazi katika bandari ya kijeshi ya Portsmouth, ikikata miti ya kutengeneza kapi za merikebu. Huko Marekani hutajwa mwanamke wa jumuiya ya Shakers, Tabitha Babbitt, ambaye yasemekana mnamo 1813 alitazama wanaume wawili wakivutana msumeno, akahurumia jasho lao linalopotea, akafunga sahani ya meno kwenye gurudumu lake la kusokotea nyuzi. Wenye kuandika historia hawakubaliani juu ya hadithi hiyo, nasi hatutaki kuwaamulia. Lakini akina mama wa chama chetu wataipenda.

Sasa tuje kwetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali pa kinamasi palipoitwa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Watu hukumbuka vyuma vya reli, hukumbuka na simba wa Tsavo, lakini husahau kwamba gari la moshi ni jiko. Makaa ya mawe yalitoka ng'ambo kwa meli na bei yake ilikuwa kubwa. Kwa hiyo injini zililishwa kuni. Kuni hizo zilipangwa kwa marundo penye vituo, nazo zilitakiwa ziwe na urefu ulio sawasawa ili ziingie katika mlango wa tanuru. Kazi ya kuangusha mti, kuukatakata na kuupasua ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya shoka na msumeno wa mkono, yaani kazi ya mabega ya Mwafrika.

Tanuru la reli lilikuwa halishibi. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni iliweka kanuni za misitu na kuanzisha idara ya kuiangalia, na mwaka huo huo mikaratusi ikaletwa nchini kwa kusudi la kuilisha reli. Miwati nayo ikaja katika miaka hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo, kabla watu hawajajua faida ya magome yake katika kutengeneza ngozi. Basi yule mkaratusi ambao leo wazee hugombana juu yake mipakani, wakisema unakunywa maji yote ya mto, haukuletwa kuwa kivuli wala kuwa nguzo ya stima. Uliletwa uchomwe. Hali hiyo iliendelea mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, reli ilipogeukia mafuta mazito. Zile injini kubwa za aina ya 59, zilizotoka Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, zilikuja zikiwa za mafuta.

Msumeno wa duara ulikuja Kenya katika zama hizo za kuni, lakini haukuja kwa ajili ya kuni. Ulikuja kwa ajili ya mbao. Walowezi kama Ewart Grogan na mshirika wake Lingham walipata haki ya kukata misitu mikubwa ya upande wa Eldama Ravine, na katika viwanda vya nchi za juu mwerezi na podo zikapasuliwa kwa mashine. Ni vema kuelewa msumeno ule ulivyokula. Ukipasua ubao wa unene wa milimita 25, na njia ya msumeno ikiwa milimita 5, basi katika kila sehemu sita za gogo sehemu moja yageuka unga. Tena yako yale mabamba ya pembeni yenye magome, yasiyofaa kuwa ubao. Masalio haya ndiyo kuni za kwanza ambazo mashine iliwapa watu wa kawaida, na hata leo, penye magenge ya mbao ya Kawangware, vibanda vingi hupikia vipande vilivyokataliwa na fundi. Twaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Mahali petu penyewe palikuwa msitu. Kibera kwa lugha ya Kinubi ni Kibra, maana yake msitu. Askari wa Sudani waliotumikia Keya walipewa kukaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, na mwaka 1918 pakatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Jeshi lilipasimamia mpaka mwaka 1928, kisha pakatiwa mikononi mwa utawala wa raia. Wazee wa Kinubi walikata miti kujenga, kupika na kulima. Moto wa kuni uliwaka pia chini ya mapipa ya kinywaji fulani kilichowapa Wanubi sifa mjini kote, ambacho hatuoni vema kukitaja kwa jina katika kijitabu cha chama. Kati ya ekari zile 4,197, hati ya ardhi ambayo jamii ya Wanubi ilipewa mwezi wa Juni 2017 ni ya ekari 288.

Msitu uliobaki ubavuni, yaani msitu wa Ngong Road, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, ukiwa na hekta zipatazo 2,900. Leo haufiki nusu ya hizo. Haukumalizwa na matita ya kuni ya akina mama wa Kibera. Sehemu kubwa ilikatwa kwa kalamu: viwanja, majumba na barabara. Twasema hivyo kwa sababu lawama ya misitu huwekwa upesi juu ya mwenye shoka, na yule mwenye hati ya kiwanja hupita bila kuulizwa.

Upande wa Kawangware habari ni nyingine, nayo ni nzito zaidi. Nchi ya Dagoretti ilikuwa ya wakulima wa Kikuyu, chini ya wilaya ya Kiambu, mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Huko kuni zilikuwa kazi ya wanawake, na mzigo ulibebwa mgongoni kwa ukanda wa ngozi upitao kwenye paji la uso. Wako wazee wa kike ambao alama ya ukanda huo haikuwatoka mpaka walipofariki. Katika Hali ya Hatari, iliyodumu tangu 1952 hata 1960, watu wa Kiambu, kama wenzao wa Murang'a na Nyeri, waliamriwa kuhamia katika vijiji vilivyozungukwa na ulinzi. Mwanamke wa kijiji hakutoka kutafuta kuni apendapo. Alitoka kwa saa alizopewa, na mara nyingi mbele ya mlinzi mwenye bunduki. Muda ulipokwisha alirudi na alichokipata, kiwe kikavu, kiwe kibichi. Hatujui mashine yo yote ambayo ingalimsaidia mama huyo. Hakukosa chombo cha kukatia. Alikosa ruhusa ya kuufikia mti.

Baada ya Uhuru ruhusa ilipatikana, lakini miti ilikuwa imekwenda mbali. Katika miaka ya 1970 wanawake wa mashambani walimweleza Profesa Wangari Maathai taabu zao, na ukosefu wa kuni ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyataja kwanza. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba hapa Nairobi, katika uwanja wa Kamukunji, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Dunia ilimtunza kwa Nishani ya Nobel mwaka 2004. Ni jambo la kukumbukwa kwamba kazi iliyofika hata Oslo ilianza na swali la kupata cha kutia mafigani.

Turudi sasa kwenye mashine inayotakiwa. Kwa jinsi tulivyoelezwa, ziko namna tatu. Ya kwanza ni meza yenye msumeno wa duara, unaozungushwa na ukanda kutoka injini ya dizeli au mota ya umeme; gogo hulazwa katika kitanda kinachosukumwa kuelekea kwenye meno. Ya pili ni mashine kubwa ya kule Finland na nchi jirani zake, ambayo hulivuta gogo yenyewe, hulikata, kisha husukuma kipande kwa nguvu za mafuta ya shinikizo mpaka kipasuke juu ya kabari ya chuma. Hiyo ya pili tusiisumbukie. Yataka magogo manyofu na marefu, na bei yake haina uhusiano na akiba yetu. Ya tatu hutengenezwa sana huko Poland: mihimili miwili yenye bapa huzunguka kwa kuelekeana, nayo bapa zikikutana hukata tawi kama mkasi. Haitoi unga hata kidogo, wala haitaki gogo, yataka matawi. Na matawi ndiyo mali tunayoweza kuipata karibu, maana mashamba ya Kiambu yana migrevilea inayopogolewa kila mara, na mikaratusi huacha matawi mengi baada ya nguzo kuchukuliwa.

Juu ya hatari hatutaficha neno. Meno ya msumeno wa duara huenda kasi hata macho hayayaoni. Gogo likijipinda nyuma ya msumeno huubana, na gogo lililobanwa hurushwa kumwelekea mfanyakazi. Kwa sababu hiyo mashine iliyo kamili huwa na kisu chembamba kilichosimama nyuma ya msumeno ili kuizuia njia isifunge, na kifuniko juu ya meno. Katika magenge mengi ya mjini vitu hivyo viwili ndivyo vinavyofunguliwa kwanza na kutupwa pembeni, eti vinachelewesha kazi, na vidole vya mafundi wetu vyatoa ushahidi. Chama kikinunua mashine bila kifuniko, kitakuwa kimenunua na mashtaka pamoja nayo.

Faida yake pia ni ya kweli. Kuni mbichi yaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na anayeichoma hutumia moto kuchemsha maji yaliyo ndani ya mti kabla ya kuchemsha maji yaliyo ndani ya sufuria. Moshi ule unaowatoa akina mama machozi watoka hapo. Kuni iliyokatwa fupi na kupasuliwa nyembamba hukauka mapema sana kuliko gogo zima. Jiko la shule likipata kuni kavu za kipimo kimoja, litapunguza matumizi, na mpishi ataona tofauti kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa yatakuwa makavu.

Ugumu ulio mkubwa ni ule tuliomwomba msomaji aushike. Kuni za Kabiro zatokana na masalio ya mbao. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma; amri iliyotajwa kuwa ya siku 90 iliendelea kwa miaka, mpaka Rais Ruto alipotangaza kuiondoa mwaka 2023. Katika muda huo viwanda vingi vya mbao vilikosa magogo, na asiyekata mbao hana masalio ya kuuza. Mashine yetu, lau ingalikuwapo wakati huo, ingalikuwa chini ya turubai huku mkopo wake ukiendelea kudaiwa.

Kwa hiyo rai ya waandishi wa makala haya, ambayo kamati ina haki ya kuikataa, ni kwamba mkataba wa miti utangulie mashine. Mkaratusi wa kuni hukatwa baada ya miaka sita hata minane, na kisiki chake huchipua tena bila kupandwa upya. Wako wanachama wenye mashamba madogo upande wa Kikuyu na Limuru. Waulizwe kama wako tayari kuuzia chama matawi na miti yao kwa bei itakayoandikwa, kwa miaka itakayoandikwa. Wakikubali, mashine ya namna ya tatu, ile ya matawi, ndiyo itakayofaa, nayo ikae penye ua uliofungwa, si kando ya njia wanapopita watoto wa shule.

Na wale vijana wa shoka wasiachwe. Wao ndio wanaojua, kwa kuligonga gogo mara moja tu, kama limekauka au bado. Tumependekeza katika hesabu za mwaka ujao, ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, fungu la kuwafundisha kazi ya mashine kabla ya mtu mwingine ye yote kuandikwa.