Kivuli, Maji na Upepo: Jinsi Miji ya Mwambao Ilivyojikinga na Hari

Miezi ya Januari, Februari na Machi, wakati kaskazi inapovuma kwa uchovu na masika bado hayajashuka, ndiyo miezi mizito kuliko yote katika mwambao wetu, tangu visiwa vya Lamu hadi Kilwa. Jua hupita karibu na utosi, hewa hujaa mvuke wa bahari, na kipimajoto, ambacho adhuhuri huonyesha digrii 32 au 33 tu, hakimwambii mgeni ukweli wote, kwa kuwa jasho halikauki mwilini na usiku hauleti nafuu ya maana. Katika hari hiyo wazee wetu walijenga miji, wakasomesha, wakafanya biashara, wakalea watoto wachanga na kuuguza wakongwe, kwa karne nyingi kabla ya umeme kufika. Aghalabu wasafiri waliopita wakisifu ubaridi wa majumba ya mawe husema kana kwamba ubaridi ule ulikuwa tunu ya mahali penyewe. Mimi nashikilia kwamba ulikuwa kazi: kazi ya mwashi, ya mkata boriti, ya mfinyanzi na ya mchota maji, na kila mojawapo ilipoachwa, watu wa nyumbani na wanyama wao waliona tofauti siku ile ile.

Tuanze na ukuta. Jiwe la nyumba kongwe za Lamu, Pate, Mombasa na Unguja ni jiwe la matumbawe, nalo hushikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuu la magogo, kisha ikaachwa miezi mingi ipigwe na mvua na kuiva kabla haijatumiwa. Ukuta huo hupata unene wa nusu mita au zaidi, na ukiisha kupakwa chokaa nyeupe, sehemu kubwa ya mwanga wa jua huurudisha nje; hari inayobaki huupenya polepole mno, hata inapokaribia kufika upande wa ndani jua limekwisha kutua. Upana wa chumba haukuwa hiari ya mwenye nyumba, maana dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka vema haivuki kwa usalama zaidi ya mita mbili na nusu au tatu. Kwa hiyo vyumba vya pwani ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na kila uingiapo zaidi ndivyo giza na ubaridi vinavyozidi. Mgeni hupita dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, akafika tekani, ukumbi wa ndani yake, kisha kiwandani, yaani ule uwanja mdogo usioezekwa ambao huipatia nyumba nzima mwanga na hewa. Baada ya hapo hufuata misana miwili, yaani vyumba virefu vya kukaa, na nyuma yake ndani, chumba cha bibi wa nyumba chenye zidaka ukutani, ambamo jua halikupata kuingia tangu siku nyumba ilipoezekwa. Kizazi cha wasomaji wa leo, waliozoea madirisha mapana, wanaweza kuona vyumba hivyo kuwa ni gereza. Lakini aliyepata kulaza mtoto mchanga msanani mchana wa mwezi wa Februari hawezi kusema hivyo.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa kwa kadiri ile ile. Vichochoro viliachwa vyembamba, kuta ndefu za pande zote mbili zikipeana kivuli, na mahali pengine jamaa wa nyumba mbili zilizoelekeana walijenga wikio juu ya njia, chumba kinachovuka kutoka ukuta mpaka ukuta, ambacho kiliwafaa wanawake kutembeleana bila kushuka barabarani, na kikamfaa pia kila apitaye chini yake, mtu na punda. Barazani watu walikaa kwa kufuata kivuli: asubuhi upande mmoja wa njia, alasiri upande wa pili, na adhuhuri hapana mtu, kwa sababu ulikuwa wakati wa kailula, ambapo hata mafundi waliotoka alfajiri walikuwa wamekwisha weka zana zao chini.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya habari ya maji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya hekima hii iliyosahauliwa kuliko zote. Katika choo cha nyumba ya Lamu palijengwa birika la chokaa, lililojazwa maji ya kisima, na watu wakayachota kwa kata ili kuoga na kutawadha mara nyingi kwa siku. Na kwa kuwa maji yaliyotuama huzaa mbu, waliweka ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ukichungulia chini ya mabirika yaliyosalia utaona jambo la kupendeza: bakuli la kaure, mara nyingi la Kichina, limejengewa katikati ya sakafu ya birika, midomo yake ikiwa sawasawa na chokaa, ili maji yakipungua au birika likisafishwa samaki wapate kidimbwi cha kujihifadhi mpaka lijazwe tena. Bakuli lenyewe lilikuwa chombo cha thamani, ambacho mtu angaliweza kukitundika ukutani kwa fahari, naye akakiweka mahali ambapo hapana mgeni atakayekiona, kwa ajili ya viumbe wasiozidi urefu wa kidole. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha kwa udhahiri zaidi jinsi watu wale walivyofikiri habari ya nyumba yote kwa jumla, pamoja na kila chenye roho kilichokaa ndani yake.

Maji ya kunywa yalikuwa na vyombo vyake. Balasi kubwa ilikaa pembeni juu ya mchanga, mtungi ulifukizwa kwa ubani kabla ya kutiwa maji, na gudulia, chombo cha udongo chenye shingo nyembamba kisichopakwa kitu cha kuziba vinyweleo vyake, liliwekwa mlangoni au dirishani penye kupitisha upepo. Udongo ule hutoa jasho. Unyevu ukifika nje hukaushwa na upepo, na katika kukauka huondoka na hari ya maji yaliyobaki ndani, hata yakinywewa yana ubaridi usioumiza koo wala jino. Siku hewa ilipotulia na mvuke kuzidi, gudulia halikufaa sana, na wafinyanzi walilijua hilo. Ndiyo maana pahali pa kuliweka palichaguliwa kwa makini, na mtoto aliyelihamisha kwa mchezo alikaripiwa. Walioisoma tiba ya Kiyunani, iliyofika kwetu kwa njia ya Waarabu, walipima pia vyakula kwa tabia nne za hari na baridi, yabisi na rutuba, wakamwagizia mtu aliyeshikwa na hari maji ya dafu na kumkataza tende, na desturi hiyo ingali hai Mombasa.

Lakini nyumba ya mawe haikuwa nyumba ya kila mtu, wala haikuwa bora kwa kila saa. Ukuta uliochelewa kupokea hari ya mchana huchelewa vile vile kuiachilia, na mara nyingi usiku wa manane ndani ya nyumba ya mawe huwa na fukuto kuliko nje. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa makuti, ambayo ndiyo iliyokaliwa na watu wengi, ina tabia nyingine: paa lake nene halihifadhi hari, hupumua kila mahali, na jua likishatua hupoa upesi. Wenye majumba ya mawe walilijua jambo hilo, ndipo wakajenga juu ya sakafu ya paa kibanda cha makuti, na jiko lao, kidari cha meko, wakalipandisha huko huko juu, ili moto wa kupikia na moshi wake usipite katika vyumba vya kulala. Maskini na tajiri, basi, walikopeshana maarifa, na sioni sababu ya kuisifu nyumba ya mmoja na kuidharau ya mwenziwe.

Wala haijuzu kuandika habari hizi bila kutaja ni nani aliyebeba maji yale. Mabirika ya waungwana yalijazwa na watumwa, waliochota kisimani na kupanda ngazi na mitungi tangu kabla ya jua kuchomoza, na mawe ya majumba yalivunjwa na kubebwa na mikono yao. Raha ya chumba cha ndani ililipiwa na migongo iliyokuwa juani. Utumwa ulipofutwa kwa sheria, Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, majumba mengi ya Lamu yalikosa wa kuyatunza, chokaa ikabanduka, mvua ikaingia katika boriti, na baadhi yakaanguka.

Boriti hizo zenyewe zina tarehe pana kuliko mwambao wetu. Majahazi ya Oman, Kuwait na bandari nyingine za Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakapandisha matanga na kusi yakiwa yamejaa boriti za Lamu na za delta ya Rufiji, kwa maana nchi zile hazina miti ya kujengea. Hivyo urefu wa mti uliokatwa katika tope la Rufiji ndio uliopanga upana wa vyumba huko Ghuba, ambako majumba yao yaliongezewa minara ya kunasa upepo na kuuteremsha chini kwa wakaazi. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir al-Najdi katika musimu wa mwaka 1938 na 1939, akafika nalo Rufiji, akaeleza kwa urefu taabu ya kukata na kupakia boriti baina ya tope, mbu na hari. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kusafirishwa kwa boriti nje ya nchi mwaka 1982, wakati ambapo Ghuba ilikuwa tayari imehamia katika saruji na mashine za baridi.

Masultani walikuwa na njia zao za kutafuta baridi, ambazo nitazipitia kwa haraka. Husuni Kubwa ya Kilwa, ya karne ya 14, ilikuwa na kidimbwi cha kuogelea chenye pembe nane juu ya jabali linaloikabili bahari. Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 katika vilima vya mikarafuu. Na mwanawe Barghash aliuletea mji wa Unguja maji ya bomba kutoka chemchemi za nje, jambo lililowafaa watu wa kawaida kuliko majumba yake yote, hata lile Beit el Ajaib la mwaka 1883 na roshani zake pana. Binti wa Seyyid Said, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ametuachia katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, habari za jumba la Mtoni: roshani kubwa iliyotokeza kuelekea bahari ili baba yake apate upepo, na uwanja wa ndani ambamo paa, tausi, kanga, heroe na mbuni walitembea wapendavyo kati ya watu.

Wanyama wa watu wa kawaida hawakuwa na uwanja wa namna hiyo, lakini hawakusahauliwa. Mtoto wa chuoni alifundishwa mapema habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala maji. Na mafunzo hayo yalionekana katika mji, katika vigae vya maji vilivyowekwa kando ya daka. Paka wa Lamu, wembamba, wenye masikio makubwa, walichagua wenyewe mahali penye unyevu chini ya balasi, wala hapana aliyewafukuza. Punda ndiye aliyeteseka zaidi, kwa kuwa ndiye aliyebeba mawe, chokaa na mchanga wa ujenzi wote. Mwenye huruma alimpakia alfajiri na kumpumzisha jua lilipopanda, na asiye na huruma alimfanyisha kazi mpaka vidonda vikatoka mgongoni. Mwaka 1987 shirika la Uingereza la kulinda punda lilifungua Lamu zahanati ya punda, ambapo hutibiwa bila malipo, na hali yao imekuwa nzuri zaidi tangu hapo.

Kisha yakaja mabati na saruji. Mabati yaliondoa hofu ya moto, ambao ulikuwa adui mkubwa wa mitaa ya makuti, na yakamwepusha mwenye nyumba na gharama ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Silaumu hata mtu mmoja aliyeyachagua. Lakini bati lililopigiliwa juu ya ukuta mwembamba wa matofali ya saruji, bila dari, bila baraza na bila mti, limeleta nyumba inayowaka mchana kama bati na kukataa kupoa usiku kama jiwe, na humo ndimo wanamolala leo watoto wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Tanga. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye ukumbi unaopitisha upepo kutoka baraza la mbele hadi uani, ilikuwa imekwisha lijibu swali hilo, nasi tukaacha kuijenga kwa kudhani kwamba mashine zitatutosha.

Mji wa Lamu uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja mwaka mmoja kabla yake, nami nafurahi kwamba kuta zao zinalindwa; ila maarifa haya yanatakiwa zaidi na yule anayejenga vyumba viwili Mbagala au Kisauni mwaka huu. Ewe unayejenga, refusha ukingo wa paa upate baraza la kivuli, weka dari chini ya bati, acha mlango uelekeane na mlango, na panda mwarobaini au mkungu upande jua linapotua. Kaskazi ikizidi, mlaze mzee na mtoto mchanga mahali panapopitisha upepo, uwape maji kabla hawajayaomba, usimfunge mbuzi wala mbwa juani, na uweke maji yao katika chungu cha udongo kivulini, si katika sufuria iliyoachwa juani.